Risasi ya Mshumaa

Kisyeri alikuwa na sheria moja ya uwindaji, na aliirithi kwa baba yake kabla hajairithi bunduki: mnyama asife mara mbili. Ukimpiga, afe palepale. Usimwache akajikokota kwenda kufa tena kwa kiu na nzi, mahali usipomwona.

Pongo, yule swala wa vichakani mwenye madoa meupe mgongoni, humwoni mpaka mmekaribiana. Kwenye msitu wa kando ya Mto Mara, chini ya Kewanja, hatua kumi na tano ni mbali. Kwa umbali huo bunduki ya masafa marefu haifai. Risasi yake humpita mnyama ikaendelea na safari, na ng'ambo ya kichaka kuna watu wanachota maji. Marisau makubwa nayo, zile chembe nyingi zinazojazwa kwenye ganda moja, hutawanyika: moja moyoni, mawili tumboni, nyama yote ikanuka samadi. Kwa hiyo Kisyeri alitumia risasi ya donge moja, nene kama kidole gumba, akailenga nyuma ya mguu wa mbele. Leseni yake ilimruhusu pongo wawili kwa mwaka. Kwa pongo wawili alipiga risasi mbili. Kijijini mlio mmoja ukisikika kutoka mtoni, wanawake walisema, "Kisyeri hapigi mara mbili. Bandikeni maji."

Hayo yalikuwa kabla dhahabu haijapamba moto. Miaka ya tisini ilipoanza, watu walimiminika Kewanja kutoka kila upande, wakachimba mashimo hadi kwenye mashamba ya mihogo. Kila chenye mdomo na kitako kilitumika kuoshea mchanga: mabeseni, sufuria, vibuyu vya maziwa. Siku moja jirani yake, Nyamhanga, alikuja akiwa na tope hadi masikioni.

"Kaka, niazime lile kopo lako la bati, lenye mfuniko."

"Lina risasi zangu."

"Risasi zinaweza kulala popote. Dhahabu yangu inalala kwenye kiatu."

Kisyeri alicheka, akampa. Risasi zake tatu za donge akazifunga kwenye kitambaa, akazichomeka kwenye nyasi za paa, juu ya kitanda. Zilikuwa risasi za zamani, zenye ganda la karatasi. Alijua hazipendi unyevu. Lakini jua lilikuwa kali mwezi ule, na rafiki ni rafiki.

Kisha Boke, mke wake, akaugua. Tumbo lilijaa, mwili ukaisha. Daktari wa Tarime aliwaambia warudi nyumbani, na hakusema warudi kwake lini. Dada yake Boke, Wegesa, alihamia pale kumuuguza. Uji ulitoka kama ulivyoingia. Maziwa hakuyataka hata kuyaona.

"Mama Joel, sema basi unachotaka," Kisyeri alimwambia asubuhi moja.

"Ukitaka kunihonga, nihonge vizuri," akasema Boke. Sauti yake ilikuwa ndogo, ila utani wake ulikuwa bado mzima. "Mchuzi wa pongo. Kama ule wa mwaka ulionioa, uliposahau chumvi."

"Sikusahau. Haikuwepo."

"Ulisahau, Baba Joel. Nenda. Ila usichelewe."

Alipanda kitandani, akapapasa paa. Mvua ilikuwa imeanza wiki mbili zilizopita, na nyasi zilikuwa zikivuja mahali pale pale. Kitambaa kilikuwa kimelowa. Karatasi za risasi zilikuwa zimevimba kama maharage yaliyolowekwa. Alifungua bunduki, akajaribu moja nyuma ya mtutu, haikuingia hata nusu. Ya pili hivyo. Ya tatu ilipasuka mkononi, na donge likaanguka kwenye blanketi la mgonjwa.

"Nini hicho?" aliuliza Boke.

"Si kitu," alisema Kisyeri.

Siku hiyo hiyo alikwenda Tarime mjini, Bomani, kwenye duka la Hamidu, aliyekuwa na kibali cha kuuza risasi. Hamidu alimwamkia shikamoo, akafungua kabati, akalifunga.

"Za donge zimekwisha, mzee. Wachimbaji wamezibeba zote. Wanalinda mashimo yao utadhani wamezika wazazi humo."

"Zinakuja lini?"

"Wiki mbili."

Kisyeri alitazama kaunta. "Nipe mbili za ndege."

Hamidu aliziweka mezani, lakini hakuondoa mkono. "Hizi ni za kanga na kwale. Mnyama wa miguu minne usimpige nazo. Utamwasha tu."

"Najua, mwanangu."

"Wewe ndiye uliyenifundisha, ndiyo maana nakukumbusha."

Kisyeri alilipa, akaondoka akiwa ameinamisha kichwa.

Jioni Nyamhanga alikuja kumjulia hali mgonjwa. Aliposikia habari ya paa na kitambaa alilitazama tope la miguu yake. Kisha akamvuta Kisyeri nje.

"Kwenye mashimo kule wanayagandisha marisau madogo kwa nta ya mshumaa. Yanakuwa donge. Yanakwenda pamoja, yanapiga pamoja."

"Umeyaona yakiua?"

"Nimeyaona yakitoboa debe."

"Debe halina mbavu, Nyamhanga."

"Basi mwambie shemeji asubiri wiki mbili."

Ndani Boke alikohoa, na Wegesa akasikika akimgeuza ubavu. Kisyeri aliingia, akatafuta mshumaa.

Alfajiri alikuwa msituni. Alikaa nyuma ya kichuguu, upepo ukimjia usoni, mpaka jua lilipopanda. Dume la pongo lilitoka kwenye magugu polepole, likasimama, likageuza ubavu wote. Hatua kumi na mbili. Akiwa na donge, angekuwa ameshaanza kufikiria kisu. Lakini kidole chake kilisita. Alijua kabisa kilichokuwa ndani ya mtutu. Angeweza kukohoa tu, mnyama akaenda zake. Akaikumbuka ile sauti ndogo: usichelewe.

Akapiga.

Pongo aliruka juu, akaanguka kwa magoti, akainuka, akaingia kichakani. Kisyeri alibaki na moshi na harufu ya mshumaa. Kwenye majani palikuwa na damu, matone machache, mekundu yaliyokoza.

Hapo kulikuwa na njia mbili. Moja ilikwenda nyumbani, mwendo wa saa moja na nusu. Nyingine ilifuata matone. Pongo aliyejeruhiwa hujificha kwenye njia ya maji na humchoma pembe amkaribiaye, na wanawake wangeshuka kuchota kesho. Na ilikuwepo ile sheria. Kisyeri alisema moyoni mwake: nitampata kabla ya adhuhuri. Akafuata matone.

Adhuhuri ilimkuta akitambaa chini ya miiba. Jioni damu ilikuwa imekuwa tone moja kila hatua mia. Giza lilipoingia alikaa pale alipofika, mgongo kwenye mti, akasubiri kupambazuke. Hakuthubutu kurudi mikono mitupu, akiwa amevunja sheria, na mchuzi pia hakuna.

Alimpata asubuhi ya pili kwenye matete, amelala, macho wazi, ubavu ukipanda na kushuka. Nzi walikuwa wameshafika. Kisyeri alimkaribia kutoka nyuma, akafanya kwa kisu kile ambacho risasi ilipaswa kufanya jana. Alipochuna alikuta marisau yamekwama chini ya ngozi, yametawanyika juu ya mbavu kama mtama uliomwagwa, kila moja bado na chembe ya nta. Machache tu yalikuwa yamepenya, na yalikwenda tumboni. Alikata paja moja lililokuwa salama, akalifunga kwa majani, akakimbia kadiri umri wake ulivyomruhusu.

Akiwa mlimani juu ya mji wake aliona watu wengi uani. Aliona pia vijana wa mashimoni, wamevua mashati, wakichimba nyuma ya nyumba. Walichimba haraka na kwa ustadi, kuta zimenyooka. Ilikuwa kazi yao.

Watu walimpisha mpaka mlangoni. Wegesa alikuwa amekaa karibu na mafiga.

"Alikwenda jana jioni, shemeji."

Kisyeri aliendelea kusimama na paja la pongo mkononi.

"Alisikia mlio," alisema Wegesa. "Alikuwa amelala, akafungua macho. Akasema, huyo ni yeye, hapigi mara mbili, bandika maji. Nikabandika. Akataka nimkalishe, aelekee mlangoni. Nikamwekea mito. Maji yakachemka, yakapungua, nikaongeza. Kila nilipotaka kuipua alinikataza. Akasema, anachuna tu, huyo. Anakuja."

"Aliuliza kitu?"

"Aliuliza kama chumvi ipo."

Sufuria ilikuwa bado kwenye mafiga, moto umezimika, maji nusu. Kisyeri aliliweka paja chini. Alichuchumaa, akatia mkono ndani ya maji yale. Yalikuwa yamepoa kabisa.

Siku za msiba zilipokwisha, Nyamhanga alirudisha lile kopo. Alikuwa amelisugua kwa mchanga mpaka likang'aa. Akaliweka kizingitini.

Wiki mbili zilipotimia Kisyeri alikwenda Bomani. Hamidu alifurahi kumwona.

"Zimekuja, mzee. Nimekufichia mbili. Ganda la plastiki, hizi hata ukizitupa mtoni." Akazisukuma mbele. "Mama Joel anaendeleaje?"

Kisyeri alichukua moja, akaipima mkononi. Ilikuwa nzito inavyotakiwa. Alipitisha kidole juu ya lile donge la mbele, laini, bila ufa.

"Hii ndiyo," alisema. "Kwa hii, yule pongo angeanguka palepale."

Akaisimamisha kwenye kaunta kando ya mwenzake, taratibu, isianguke, akatoka nje kuanza safari ya kurudi Kewanja.