Kibuyu cha Mama Golini

Nimekosa, tena kwa ujinga ambao hata mbuzi angeuonea haya. Jina langu msilitaje.

Nilirudi kijijini kwetu Igowole na digrii yangu, nikapangiwa kufundisha. Nilidharau kila kitu, na zaidi ya vyote nilimdharau Nyundo. Huyu alichezea timu ya mkoa wa Iringa. Shule aliishia darasa la nne, lakini kijiji kizima kilimwita Kapteni! Jioni anafundisha vijana mpira, kisha anawasomesha wazee kisomo cha watu wazima. Jumamosi yeye na wachezaji wake wanafyatua matofali ya zahanati.

Anatafuta nini? Mtu hawi mwema bure! Niliwaza hivyo mpaka kichwa kikaniuma.

Ikafika siku ya kocha kutoka Mbeya kuja kumtazama Nyundo akicheza mechi ya kijiji. Timu yake ilimtaka Nyundo, na iliahidi kwamba akisajiliwa, itakuja kucheza kwetu mechi ya kuchangia bati za zahanati. Kuta za vyumba vya kwanza zilikwisha simama bila paa, na mvua zilikuwa karibu.

Kabla ya mechi nikamwona Nyundo amepiga magoti golini. Anamimina kitu cha kijivu ardhini kutoka kwenye kibuyu, anashindilia kwa kisigino, anahamia kwingine.

Uganga! Mimi niliyewacheka wenzangu chuoni kwa kuamini hirizi, nikaamini papo hapo. Nikimuuliza, atanidanganya. Nikinyamaza, nitakuwa mshiriki wake. Basi sikumuuliza. Nikamfuata kocha, nikamnong'oneza.

"Una hakika, mwalimu?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Basi. Sibebi mganga kwenye timu yangu."

Nyundo alifunga mabao mawili siku ile. Kocha akapanda gari kabla ya filimbi ya mwisho.

Nyumbani nikamsimulia mama, mpumbavu mimi, nikijisifu! Alikuwa anapepeta maharage. Akaweka ungo chini.

"Kibuyu chenyewe kina ufa, umeshonwa kwa uzi mwekundu?"

"Ndicho hicho, mama."

"Changu hicho! Na majivu ni ya jiko hili. Fuko wametoboa uwanja, mtoto wa jirani amevunjika mguu pale. Kapteni kaja kuomba majivu na pilipili awafukuze. Ulimuuliza?"

"Hapana."

"Yaani umesoma miaka yote hiyo, kuuliza hukufundishwa?"

Asubuhi nikamfuata Nyundo kwenye matofali, nikasema yote mbele ya wachezaji wake. Laiti angenipiga! Alifuta tope mikononi akanitazama kama mtu anayetazama kiatu kilichotoboka.

"Mimi nitacheza popote, mwalimu. Bati je? Akina mama wanaongoja kujifungulia hapa utawaambia nini?"

"Mwache, Kapteni," mmoja akadakia, "anaogopa usimroge!" Wakacheka wote.

Nilipanda basi hadi Mbeya kumweleza kocha ukweli. Hakuniruhusu hata kukaa. Alikwisha sajili mwingine.

Sasa kila Jumamosi nafyatua matofali. Hakuna aliyeniita, wala hakuna anayenisalimu hata kwa kamwene. Nyundo peke yake hunionyesha pa kuyapanga, kwa kidole tu.

Ninyi wasomi wenzangu mnaojua kila kitu kwa kutazama tu, jihadharini na macho yenu! Ukimwona mtu kapiga magoti, nenda umuulize anafanya nini. Mimi niliona uzito kuvuka uwanja, na masika haya ukuta wa chumba cha wazazi pale zahanati, uliokosa bati, umeangushwa na mvua.