Gauni la Kijani la Wifi

Kaka yangu ni mchora mabango, na ubishi amezaliwa nao. Rangi ya kijani ya dukani aliiita maji ya kuoshea brashi. Ya kwake aliitengeneza mwenyewe: alitundika vipande vya shaba juu ya siki ndani ya ndoo, akafunika, na baada ya wiki tatu akakwangua kutu ya kijani iliyoota, akaisaga na kuichanganya na mafuta.

Wifi yangu alifariki siku tisa baada ya kujifungua. Picha yake pekee ilikuwa ya kitambulisho, nyeusi na nyeupe, ndogo kama ukucha. Basi kaka akajifungia chumba cha nyuma, akamchora mkubwa, amekaa kitini na gauni lake la kijani, lile alilolivaa mpaka likachanika kwapani.

"Mwanangu lazima amjue mama yake," alisema.

Ili rangi ichangamke, akatia unga wa rangi ya manjano alioununua dukani. Muuza rangi alikuwa amemwonya: "Fundi, hiyo manjano ina salfa. Ikikutana na shaba, kijani chako kitakufa." Kaka akamwambia auze rangi, ufundi awaachie wenyewe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Heri lingekuwa guu.

Gauni la pichani lilianza kuingia weusi mtoto akiwa darasa la kwanza. Alipomaliza shule, lilikuwa kahawia kama chai iliyolala. Nilimfokea kaka, "Si upake upya!" Akakaa mbele ya picha kutwa nzima, brashi mkononi, halafu akaniuliza, "Dada, lilikuwa kijani gani?"

Nikafumba macho nilikumbuke, ikanijia kahawia ya pichani tu. Gauni lile nimelifua mara ngapi! Tena mimi ndiye niliyeligawa wiki ile ile ya msiba, nikidhani nampunguzia kaka uchungu. Siku hiyo nililia kwa kujichukia.

Mwezi uliopita binti yake alikuwa anajiandaa kuolewa. Nguo nyeupe hakuitaka. Alirudi kutoka kwa fundi cherehani amevaa gauni refu la kahawia, akajigeuza mbele yetu sebuleni, uso umejaa furaha.

"Baba, shangazi, si kama la mama?"

Kaka alinitazama mimi.

"Ndilo hilo hilo, mwanangu," alisema, nami nikaitikia.