Utani wa Muuza Shanga

Mwanamke muuza shanga wa Dakar hapandi kivuko cha kisiwa cha Gorée kabla hajamtania baharia mfunga kamba. "Seck, mtumwa wangu, mlafi wa wali! Nipokee kikapu." Naye hujibu, "Nyamaza, Gueye. Babu yako nilimnunua kwa sahani ya wali, na bado nilipunjwa." Ni utani wa koo zao, Gueye na Seck, na abiria huucheka. Njia nzima vidole vyake vyenye sugu hutunga shanga, macho yakitafuta mgeni.

Siku moja, muuza shanga akiwa hajauza kitu tangu asubuhi, mgeni mweusi kutoka Marekani alichagua mikufu mitano, kisha akauliza abiria wanacheka nini. Mwenyeji aliyefuatana naye akamtafsiria. Mgeni akairudisha mikufu taratibu, akakigeukia kisiwa ambako watu wa damu yake walipakiwa melini kwa minyororo.

Muuza shanga hakujitetea kwa mila, wala hakumbembeleza anunue. Aliacha kutunga, akakaa kando yake hadi gatini Gorée.

"Shuka, mtumwa!" Seck akapaza sauti.

"Utani tuuache Dakar, kaka," akamjibu. "Hapa niite dada."