Ubeti wa Pili

Waliomwita Mzee Randa hawakukosea. Ulimi wake ulikwangua kama randa yake ya useremala, na mabenchi yote ya kanisa yalitoka mkononi mwake, tangu enzi ambazo watu walikwenda ibadani kuimba, si kuimbiwa. Siku hizi kuna vipaza sauti vikubwa kama kabati, na maneno ya nyimbo humulikwa ukutani, watu wakayasoma kama bei za dukani. Vijana walipopiga makofi, yeye alikunja mikono na kufunga mdomo.

"Baba, imba basi hata kidogo," mkwewe, mke wa mwanawe, alimnong'oneza.

"Niimbe nini? Hizo kelele za mnada. Nyimbo zenyewe ninazo humu." Akajigonga kifua.

Jumapili moja umeme ukakatika katikati ya wimbo. Ukuta ukawa ukuta tu, na watu wakatazamana kama kuku walionyeshewa. Mchungaji akatabasamu. "Haya, mzee wetu. Kila wiki unatuambia tumezika nyimbo za zamani. Tufufulie mmoja."

Mzee Randa akasimama, akapandisha suruali, akaanzisha ule wa kufungulia ibada. Sauti ilitoka nzito, tamu, hata vijana wakatulia. Ubeti wa kwanza ukaisha. Akavuta pumzi aingie wa pili, na hakukuta kitu. Akapekua kichwani, alichokiona ni marehemu mkewe tu, ubavuni pake, akitangulia kila mstari kwa sauti ndogo, naye akimdakia na kumfunika. Miaka yote ile ngurumo ilikuwa yake. Maneno yalikuwa ya mkewe.

Wazee wawili waliobaki wa enzi zile walikuwa wakingoja kinywa chake, na wao maneno hawana.

Akakohoa. Akakohoa tena, mkono kifuani.

Hapo mkwewe akaupokea ubeti wa pili, polepole, macho chini, kisha wa tatu na wa nne. Marehemu alimfundisha walipokuwa wakiosha vyombo. Kanisa zima likamfuata. Mzee akachezesha midomo.

Mlangoni wakamzunguka kwa pole.

"Vumbi la mbao," akawaambia.

"Na lina adabu," akasema rafiki yake fundi viatu. "Limengoja ubeti uishe kwanza."

Wakacheka. Ikambidi naye acheke.

Jioni mkwewe akamletea kikombe cha maji ya moto yenye limau na chumvi. "Ya kifua, baba. Unywe yote."

Akamtazama usoni akitafuta kejeli. Hakuiona, na hapo ndipo aibu ilipomwingia hasa. Angekataa, ingembidi aeleze.

"Asante, mwanangu."

Akanywa mpaka chini, ulimi ukiungua, akikohoa kila baada ya funda ili binti wa watu asije akashuku.