Kapinga, lia sawa mbuzi

Leo ku lopitali nilibweka sawa imbwa, na sina haya.

Mutoto wangu Kapinga eko na uchungu ya kuzala tangu jana. Infirmière mwenye kuzalisha bamama akamufokea: "Acha kulia sawa mbuzi!"

Nilimujibu: "Hata mbuzi ikishindwa kuzala, banaiitia mutu. Ita docteur!"

Infirmière akaniambia: "Citoyenne, unabweka sawa imbwa."

Ah bon? Njo nikabweka kweli, mu corridor yote, mpaka docteur akatoka mbio.

Alimushika Kapinga tumbo, uso ya docteur ikabadilika. Banamupasua sasa hivi.

Nyuma ya mulango, kimya.

Bamama ba mutaa yetu ya Kapata, katekista wa lopitali ananiandikia hii barua muisome pa bomba ya mayi. Mukuje, niko peke yangu.

Kapinga, mama, lia. Hata sawa mbuzi. Niko hapa nasikiliza.