Pua ya Mama

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa muuguzi katika hospitali moja ya Moshi, na niliyeosha mpira mrefu wa kuchungulia tumbo ni mimi. Nje unaosheka upesi. Kazi iko ndani, kwenye kitundu chembamba: unapitisha brashi ya waya mpaka itokeze upande wa pili, unaiosha, unarudia, kisha unasukuma maji ya sabuni, dawa, maji safi, na mwisho hewa. Miaka ile sabuni ilikuwa adimu, na aliyenipunja nilimgombeza bila kujali cheo.

Wenzangu waliniuliza ukali ule nimeutoa wapi. Niliutoa kihambani kwetu, huko juu migombani, nilikooshea vibuyu vya maziwa kwa kijiti kilichofungwa nyuzi za mgomba. Nikimaliza, mama alitia pua kwenye mdomo wa kibuyu. Kikinuka hata kidogo, narudia. "Ndani hapaonekani," alisema. "Panuse."

Siku moja tumbo lilimleta mama mwenyewe kitandani kwetu hospitalini. Daktari alipousogeza ule mpira, mama alimzuia kwa mkono, akainua kichwa, akainusa ncha yake taratibu. Daktari alinitazama, haelewi. Mimi nilikuwa nimebana pumzi kama mtoto wa miaka saba.

"Ameosha nani?" mama akauliza.

"Ni mimi, mama."

Akalaza kichwa, akafungua kinywa.