Kibuyu cha Mama Ukumbini

Mwalimu wetu wa kuchora alikuwa mama Mzungu mwenye kofia pana na maswali yasiyokwisha. Alikuwa akiandika juu ya marembo ya vibuyu vya maziwa, na siku moja alinifuata hadi nyumbani, kwenye shamba la setla wa Kizungu tulikoishi karibu na Bahati, kumwomba mama kibuyu chake akakiweke kwenye maonyesho ya sanaa mjini Nakuru.

Mama alisita. Kibuyu kile chenye ushanga na mkanda wa ngozi alipewa na marehemu mama yake alipoolewa, na hakuwa na kumbukumbu nyingine.

"Kitarudi?"

"Mimi mwenyewe nitarudisha, mama."

Mama akaingia jikoni, akakitoa kimefungwa kwa kitambaa. Hakusema kwamba amekijaza maziwa. Kwetu kibuyu hakitoki nyumbani kitupu, la sivyo ng'ombe atakauka maziwa, na mama aliona hilo hata mtoto anajua. Mwalimu naye, na kusoma kwake kote, alidhani vibuyu ni vizito tu.

Siku ya maonyesho sisi wanafunzi tulipelekwa ukumbini, tukapangwa ukutani kama viti. Joto lilikuwa kali. Ghafla kifuniko cha kibuyu cha mama kilifyatuka, maziwa yakatapakaa kwenye kitambaa cheupe cha meza, na msimamizi akapiga kelele uchafu ule utupwe nje. Nilikikumbatia kibuyu, nikalia kwa hasira. Ningemwambia nini mama?

Mwalimu alikuja akasimama mbele yangu, sketi imelowa maziwa. Hapo daktari wa mifugo, aliyeletwa pale na mkewe na kuchoka mapema, alichovya kidole akaonja.

"Maziwa haya yamelala siku ngapi? Mbona ni matamu?"

Nikawaeleza jinsi mama anavyosugua kibuyu ndani kwa mkaa wa mti, na kwa nini kwetu hakitoki nyumbani kitupu. Daktari akauliza mti gani, mwalimu akauliza ushanga ule unasema nini. Wapishi wa ukumbi waliokuwa wakichungulia mlangoni wakaingia, kila mmoja na habari za vibuyu vya kwao. Hakuna aliyewafukuza, na kibuyu kikarudishwa mezani.

Maonyesho yalipoisha, mwalimu alikuja kwetu kwa miguu, amekibeba kwa mikono miwili. Mama, ambaye hakuwa akilala vizuri tangu kitoke, alikipokea, na mikono yake ikashuka kidogo kwa uzito. Akafungua kifuniko. Kilikuwa kimejaa maziwa.

"Ingia ndani, dada," mama akasema.